Ulikuwa Unaangalia Wapi?

Mamangu alipoanguka kazini, swali la kwanza aliloulizwa halikuwa "umeumia wapi?" Aliulizwa, "Ulikuwa unaangalia wapi?"

Ilikuwa Mei 1998, mvua ya masika haijakatika, ndani ya kiwanda kimoja cha sabuni Industrial Area, Nairobi, upande wa barabara ya Lunga Lunga. Jina la kiwanda naliacha. Mama alikuwa kibarua hapo kwa mwaka wa nne. Kila asubuhi alitoka Mukuru kwa Reuben kwa miguu, yeye na wanawake wengine kama kumi hivi, wakasimama langoni hadi karani atoke na daftari lake kuita majina. Ukiitwa, una kazi leo. Usipoitwa, rudi nyumbani ujaribu kesho. Miaka minne ya kuitwa leo.

Karibu na matangi ya kuoshea mitambo kulikuwa na mfereji wa maji machafu ulioziba tangu Machi. Maji ya sabuni yalikuwa yakipanda na kutandaa sakafuni, na dawa iliyopatikana ilikuwa magunia: walitandika magunia matupu ili watu wakanyage juu yake. Gunia likishiba maji nalo linateleza. Siku hiyo mzee mmoja wa usafi, tuliyemjua kama Baba Otis, alikuwa amepita na ndoo akamwaga kidogo. Mama akatokea nyuma yake na kreti ya miche ya sabuni kifuani, kreti inayofika kidevuni, akateleza. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjika, na goti likapasuka kwenye ukingo wa saruji. Supavaiza alishuka ngazi, akasimama juu yake na kuuliza lile swali.

Hospitalini alifungwa plasta. Nesi aliyemfunga alimwambia kwa upole, "Pole mama, ajali haina kinga." Kiwandani walimpa mshahara wa wiki moja, nauli, na miche minne ya sabuni. Baba Otis naye alifutwa Jumamosi hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka tisa, na ninaikumbuka ile sabuni kuliko ninavyoikumbuka plasta, kwa sababu tuliifulia mpaka Agosti.

Kilichonisumbua baadaye ni jinsi mama alivyoisimulia hadithi hii. Kila mara aliisimulia yeye akiwa mkosaji. "Nilikuwa naharakisha." "Sikuangalia chini." "Hata Baba Otis nilimponza." Mkono ulipona ukiwa umepinda, hadi leo unga wa chapati anaukanda kwa mkono wa kulia, wa kushoto unashikilia karai tu. Hata hivyo, ukimuuliza, kosa lilikuwa la macho yake.

Mimi ni mwalimu wa historia shule ya upili, si wakili. Lakini swali la yule supavaiza lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, na miaka michache iliyopita nikaanza kulifuatilia lilikotoka, jinsi mtu anavyofuatilia ukoo. Nikakuta kwamba swali hilo lina umri. Linakaribia miaka mia mbili, na mahali lilipoandikwa kama sheria panajulikana.

Mwaka wa 1835, mkoa wa Lincolnshire, Uingereza, kijana aitwaye Charles Priestley alikuwa ameajiriwa na mwenye bucha, Thomas Fowler. Siku moja aliagizwa kusafiri na gari la farasi lililopakiwa nyama ya kondoo kupita kiasi. Gari likavunjika njiani, Priestley akaanguka, akavunjika paja. Alimshtaki Fowler, na mwaka wa 1836 raia waliokaa kuamua kesi hiyo mjini Lincoln wakampa pauni 100. Fowler hakuridhika. Kesi ikaenda London, na mwaka wa 1837 jaji mkuu wa mahakama iliyoisikiliza, Lord Abinger, akaifuta ile fidia.

Sababu zake ninazisoma mara kwa mara, kwa sababu ndani yake namsikia supavaiza. Kwanza jaji aliogopa. Alisema ukimruhusu huyu kijana, mlango hautafungika tena: mtumishi wa nyumbani atamshtaki bwana wake kwa kuwa kijakazi alimtandikia kitanda chenye unyevu, au kwa kuwa fundi alileta kitanda kibovu kikamwangusha akiwa usingizini. Halafu akasema mtumishi halazimishwi kujihatarisha. Akiona hatari anaweza kukataa kazi. Na mwisho, lile lililonifanya niweke kitabu chini: kwamba Priestley bila shaka alijua sawa na bwana wake, na pengine kuliko bwana wake, kama gari lile lilikuwa limepakiwa kupita kiasi.

Yaani: ulikuwa unaangalia wapi?

Kutokana na kesi hiyo mahakama za Uingereza zikajenga kanuni ambayo iliishi zaidi ya miaka mia. Ilisema kwamba ukiumizwa na uzembe wa mfanyakazi mwenzako, mwajiri hahusiki, kwa sababu ulipokubali kazi ulikubali pia hatari ya wenzako. Aliyemwaga maji ni mwenzako. Mlipe hesabu wenyewe kwa wenyewe. Kanuni hiyo Uingereza iliitupa kabisa mwaka wa 1948. Mtu akiisoma sasa ataiona ya ajabu, lakini nikimfikiria Baba Otis na ndoo yake, sioni ajabu yoyote. Kiwanda cha Lunga Lunga Road kiliitumia miaka hamsini baada ya kufa kwake, bila kujua jina lake. Lawama iligawanywa kati ya mtu aliyeteleza na mtu aliyemwaga. Mfereji haukutajwa.

Sasa tuje huku kwetu, maana kuna tarehe moja ambayo nadhani kila Mkenya anayefanya kazi ya mikono angefaa kuijua.

Sheria yetu ya mahakama, Sura ya 8, inasema hadi leo kwamba Kenya ilirithi kutoka Uingereza yale maamuzi ya majaji yaliyojengeka karne kwa karne, pamoja na sheria za jumla za bunge lao zilizokuwa zikitumika huko tarehe 12 Agosti 1897. Hiyo ndiyo siku ya mpaka. Kilichokuwa kikitumika siku hiyo kiliweza kuvuka bahari. Kilichokuja baadaye, hapana, isipokuwa mtunge chenu.

Tarehe 6 Agosti 1897, siku sita kabla ya mpaka huo, Uingereza ilikuwa imepitisha sheria yake ya kwanza ya fidia kwa wafanyakazi. Mwanasiasa aliyeisukuma ni Joseph Chamberlain, yule yule aliyekuwa waziri wa makoloni. Wajerumani walikuwa wamewatangulia mwaka wa 1884 chini ya Bismarck. Ndani ya sheria hiyo mpya kulikuwa na wazo la kimapinduzi: mfanyakazi akiumia kwa ajali iliyotokana na kazi, analipwa, bila kuuliza kosa ni la nani. Swali la macho linaondolewa mezani. Lakini sheria hiyo iliandikwa ianze kutumika tarehe 1 Julai 1898. Siku ya mpaka ilipofika, ilikuwa imepitishwa ila haijaanza kazi. Basi kilichorithiwa ni sheria ya majaji, ile iliyombeba Lord Abinger na hofu yake ya vitanda. Dawa yake ikabaki bandarini upande wa pili.

Sitaki kuikuza tarehe hii kuliko inavyostahili. Serikali ya kikoloni ingeweza kutunga sheria yake ya fidia mwaka wowote iliotaka. Na hiyo ya 1897 yenyewe ilikuwa bahili: iligusa reli, migodi, viwanda na kazi chache nyingine, na kwa upande wa ujenzi ilidai jengo liwe limezidi futi 30 kwenda juu. Fundi akianguka kutoka kwenye jengo la futi 28, pole. Nimejaribu kuiwaza sheria hiyo ikitumika kwenye mijengo ya Umoja na Pipeline, fundi akiwa hewani anajiuliza kama amefikisha.

Lakini hapa petu hata hiyo bahili haikuja, na kazi ilikuwa imeanza kwa kishindo. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896 ikafika ziwani mwaka wa 1901. Walioletwa kutoka India kwa mkataba walikuwa karibu 32,000. Hesabu inayotajwa kwenye vitabu ni kwamba 2,493 walikufa, na 6,454 walirudishwa kwao wakiwa hawajiwezi. Wengi walimalizwa na malaria na kuhara, si kuanguka tu. Ila mtu yeyote aliyesimama chini ya daraja la reli kule kwenye mabonde ya ukingo wa Bonde la Ufa anaweza kuwaza mwenyewe. Nikifundisha mada hii kidato cha pili, huwa nauliza darasa: nini kiliwapata wajenzi wa reli? Jibu ni moja, kwa sauti moja: simba wa Tsavo! Simba wawili wameandikiwa kitabu na kuchezewa filamu. Wale 6,454 hawana hata wimbo. Na Waafrika waliochimba, waliobeba na waliofyeka, hesabu yao haimo kabisa katika zile namba mbili.

Kuna jambo ambalo Lord Abinger hakulifikiria, au hakuwa na haja ya kulifikiria. Alisema mtumishi anaweza kukataa. Hapa Kenya, mwaka wa 1906, ikaja sheria ya mabwana na watumishi, na chini yake kuacha kazi kabla ya muda au kukataa amri halali ya mwajiri kulikuwa kosa la jinai. Ikafuata sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza: mwanaume Mwafrika kubeba karatasi yenye alama za vidole ndani ya kibati, shingoni, ili aliyetoroka kazini apatikane popote. Kwa hiyo tulirithi nusu ya hoja ya jaji. Ile nusu ya "uliona hatari, ukakubali" ilifika. Ile nusu ya "ungeweza kukataa" ilikutana na askari njiani.

Neno walilomwita mama, kibarua, lina historia yake. Ni barua ndogo. Pwani, katika karne ya 19, kibarua kilikuwa cheti cha mfanyakazi wa siku, na baadhi ya wafanyakazi hao walikuwa watumwa waliokodishwa, wakigawana ujira na mabwana zao. Cheti kikageuka jina la kazi, halafu jina la mtu. Bandari ya Mombasa iliendeshwa hivyo kwa miongo mingi: makuli wanachukuliwa kwa siku, meli ikiondoka hakuna anayewadai wala wanayemdai. Fikiria maana yake kwa mtu aliyeanguka. Bandarini kuanguka si kuteleza sakafuni tu. Kuna mdomo wa tumbo la meli ulioachwa wazi sitahani, giza chini, mita nyingi hadi kwenye shehena. Ukianguka Jumanne, uliajiriwa Jumanne. Jumatano wewe si mtu wa yeyote.

Watu wa bandari waligoma mwaka wa 1939, na Januari 1947 mji mzima wa Mombasa ulisimama, wafanyakazi kama 15,000, na Chege Kibachia akainuka kuwa sauti yao. Madai makubwa yalikuwa mshahara na nyumba. Lakini chini ya madai hayo kulikuwa na lile jambo la kuwa mtu wa leo tu, na serikali yenyewe ilianza kuogopa mji uliojaa watu ambao kazi haiwajui majina.

Hapa nataka kurudi kwa nesi, kwa sababu nampenda na alimsaidia mama, lakini alikosea. Ajali haina kinga. Tunaisema tukifariji, na ni kweli kwa radi. Lakini mwaka wa 1929, na tena mwaka wa 1932, nchi zilizokutana Geneva katika Shirika la Kazi Duniani zilipitisha mkataba kuhusu ajali za wapakiaji wa meli, na ndani yake imeandikwa kinga yenyewe kwa vipimo. Kama tumbo la meli linazidi mita moja na nusu kwenda chini, na ukuta wa mdomo wake haufiki sentimita 75, basi pawekwe uzio wa sentimita 90. Sentimita tisini. Ni kimo cha meza ya jikoni. Mtu fulani aliketi akapima mwili wa binadamu, akauliza ni wapi ukizuiwa hauanguki, akaandika namba. Wakati methali yetu inasema hakuna kinga, kinga ilikuwa tayari na rula yake.

Na ile nyingine, kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele, nimeiacha kwa wahubiri na wanasiasa. Aliyeitunga hakuwa amebeba kreti.

Sheria ya fidia ilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati makoloni kadhaa ya Uingereza barani Afrika yalikuwa yakipata zake. Kutoka ile siku ya mpaka ya 1897, ni nusu karne. Ilikuwa Sura ya 236, na msingi wake ulikuwa ule wazo la 1897: umeumia kwa ajali iliyotokana na kazi na ukiwa kazini, unalipwa, kosa liwe la nani. Muda mfupi baadaye ikaja Sheria ya Viwanda, Sura ya 514, na humo mlikuwa na kifungu kuhusu sakafu. Kilisema sakafu, vidato, ngazi na njia zote ziwe imara na zitunzwe vizuri. Maneno hayo yalinakiliwa kutoka sheria ya viwanda ya Uingereza ya 1937, karibu neno kwa neno.

Na maneno yakinakiliwa, huja na waliokwisha kuyatafsiri. Tarehe 31 Agosti 1950 mvua kubwa ilifurika ndani ya kiwanda cha magari cha AEC kule Southall, London. Maji yakachanganyika na mafuta yaliyokuwa yakipita kwenye mfereji wa sakafuni, na yalipokauka yakaacha utando. Wenye kiwanda walimwaga vumbi la mbao, lakini halikutosha sakafu nzima. Usiku huo mfanyakazi aitwaye Latimer alikuwa akipakia pipa kwenye kitoroli, akakanyaga pasipo na vumbi, akateleza, pipa likamponda kifundo cha mguu. Jaji wa kwanza alimpa ushindi: sehemu ile ingefungwa hadi isafishwe. Mahakama ya rufani ikakataa, na mwaka wa 1953 mabwana wa mahakama ya juu kabisa wakakataa pia. Walisema mwajiri mwenye busara asingefunga kiwanda kwa sababu ya hatari ya kiasi hicho. Na kuhusu sakafu, wakasema sakafu yenyewe ilikuwa nzima. Kuwa na utelezi kwa muda hakuna maana kwamba haikutunzwa.

Niliposoma kuhusu vumbi la mbao niliyaona magunia. Na pale mfereji. Tofauti ni kwamba Southall ilikuwa mvua ya siku moja. Mfereji wa mama ulikuwa umeziba miezi miwili, na kila mtu kiwandani alijua, kuanzia mlango wa nyuma hadi ofisi ya juu.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka wa 1998, mama alipokuwa ameketi kwenye saruji ameshika mkono wake, zile sheria mbili zilikuwepo. Sura ya 236 ilikuwa ikifanya kazi. Kibarua aliyekuwa akibeba sabuni za kiwanda ndani ya kiwanda alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, hata kama jina lake liliitwa upya kila asubuhi. Ajali ilipaswa kuripotiwa kwa ofisi ya kazi. Matibabu yalikuwa juu ya mwajiri, na mkono uliopinda maishani ulikuwa na kiwango chake cha fidia kwenye jedwali. Kama angetaka, angeweza pia kwenda mahakamani na kuuliza habari ya mfereji, na muda wa kufanya hivyo ulikuwa miaka mitatu. Miaka mitatu iliisha 2001. Nilikuwa darasa la sita.

Hakuna aliyemwambia. Hilo silioni ajabu. Ni nani angemwambia? Karani wa daftari? Lakini zaidi ya kutojua, kulikuwa na lile swali. Mtu anayeamini kosa ni la macho yake haendi kuuliza ofisi ya kazi iko wapi. Nimefikia kuamini kwamba swali la supavaiza lilifanya kazi ya wakili. Liliulizwa mapema, kabla hajainuka, na lilifunga kesi pale pale chini. Pengine hata yeye hakujua anachofanya. Alikuwa ameulizwa swali hilo naye zamani, na aliyemuuliza vilevile.

Mwaka wa 2007 bunge liliziondoa sheria zote mbili kuukuu likaleta mpya: moja ya usalama na afya kazini, inayogusa kila mahali pa kazi na si kiwanda tu, na nyingine ya mafao ya majeraha ya kazini, ambayo watu wengi huiita kwa kifupi chake, WIBA. Kwenye karatasi ni nzuri. Mwajiri anatakiwa awe na bima. Ajali iripotiwe kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku saba, na kama mtu amekufa, ndani ya saa 24. Aliyebaki bila uwezo wowote wa kufanya kazi maishani analipwa mapato ya miezi 96. Kosa la mfanyakazi linahesabiwa pale tu alipofanya makusudi, na hata hapo si kama amepata ulemavu mkubwa au amekufa. Yaani sheria inamwambia supavaiza waziwazi: swali lako halina kazi.

Kisha ikakaa kortini zaidi ya miaka kumi. Sheria hiyo ilikuwa imefunga njia ya kwenda mahakamani moja kwa moja. Madai yote yaanzie kwa mkurugenzi. Chama cha Mawakili kilipinga, na mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu kadhaa. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha karibu vyote, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Katikati ya hapo, watu walioanguka mwaka wa 2010 au 2014 walikuwa wamefungua kesi kwa mahakimu kwa sababu ndiyo njia iliyokuwa wazi, wakaja kuambiwa kwamba mlango haukuwa ule. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mawakili walisema raia hanyimwi mahakama. Wengine walisema mawakili wanatetea mkate wao. Mimi naona zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja, na aliyeanguka alikuwa amesimama kwa gongo moja kwenye veranda ya korti, anangoja.

Hukumu za zamani za kesi kama hizi zinasomeka kwenye mtandao, bure, na kuna wakati nilizisoma usiku kucha badala ya kusahihisha mitihani. Zinafanana mno. Kiwanda, sakafu ya maji au mafuta, mzigo kifuani au begani. Ulikuwa umevaa gambuti? Nani alimwaga? Uliona maji kabla ya kukanyaga? Ukisema uliona, ulijitakia. Ukisema hukuona, ulikuwa unaangalia wapi. Kuna majaji waliolikataa swali hilo kwa ukali, na hukumu zao ni raha kuzisoma. Kuna wengine walioligawa: mwajiri asilimia fulani, macho yako asilimia zilizobaki.

Desemba iliyopita nilienda kwa mama Kangundo, alikohamia baada ya kustaafu genge lake la chapati. Tuliketi nje jikoni. Nilimweleza yote haya kama ninavyoeleza darasa, nikaanza na mvulana wa bucha. Priestley alimsikitikia sana, akataka kujua kama aliweza kutembea tena. Nilipofika kwenye Sura ya 236 na miaka mitatu, alinyamaza. Aliendelea kukanda, mkono wa kulia ukizunguka, wa kushoto ukishikilia karai.

"Kwa hivyo hakufaa kuniuliza vile," akasema.

"Hakufaa."

"Na Baba Otis?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa nimepata mahali popote sheria inapomtaja mtu aliyefutwa kwa sababu ya ndoo. Alitikisa kichwa. Kisha akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote hiyo, katika kusimulia kote kule, sikuwahi kulisikia. Wiki ile ile, wakati bado ana plasta, mwanamke wa upande wa pakiti alipita nyumbani kumwona na kumletea habari za kiwandani. Jumatatu baada ya Baba Otis kuondoka, walikuwa wameita fundi kuja kuzibua ule mfereji.

"Mtu mmoja na waya," mama akasema. "Alitoa matambara na nywele. Haikufika hata saa moja."

Akaufunika unga kwa kitambaa, akaniomba nimpe mafuta.